Gari limegongwa na treni kivukoni: polisi wanafanya nini masaa yote yale?

Kuna dada anaishi Kent, Uingereza, analea wazee, kaniuliza swali refu, nalifupisha. Treni yake ilisimama katikati ya stesheni mbili karibu masaa matatu, wakatangaziwa kwamba gari limegongwa kwenye kivuko cha reli huko mbele na polisi wamefunga njia. Shifti ikapotea. Anasema kwao Morogoro alishaona gari limegongwa, vijana wakalisukuma pembeni, treni ikapiga honi ikaondoka zake, sasa hawa wa Uingereza wanapima nini kule chini muda wote huo? Alafu akamalizia, na mimi mwenyewe navuka kivuko kila asubuhi na kigari changu, siku kikizima katikati ya reli nifanyeje?

Pole dada yangu kwa hiyo shifti. Naanza na swali lako la mwisho maana hilo haliwezi kusubiri.

Gari likizima juu ya reli, toka. Watu wote watoke, mtoto atolewe kwenye siti yake, mkoba uache, msimame mbali na reli. Baada ya hapo ndio unatafuta simu ya reli, ipo pale pale kivukoni kwenye kisanduku, ukiinua inaenda moja kwa moja kwa msimamizi wa signali, yule anayeongoza taa za kuruhusu na kusimamisha treni, hakuna kubonyeza namba. Pale pasipo na hiyo simu angalia bango, lina namba ya kupiga na jina la kivuko, msomee jina lile lile kama lilivyoandikwa, usianze kumwelekeza "karibu na ile pub". Ukishaongea nae fuata anachokwambia. Akisema kuna muda wa kusukuma gari, sukuma, lakini taa ya njano ikiwaka au kengele ikianza kulia hapo hapo unaachana na gari. Na usimpigie mume wala bima kwanza. Watu wengi wanapiga 999, sio vibaya, ila 999 nae inabidi amtafute yule yule msimamizi wa signali, na hizo dakika huna.

Nasema huna kwa sababu hii. Vivuko vingi vya barabara ndogo huko Kent na kwingineko ni vile vya nusu kizuizi, ule mti unaoshuka unaziba upande wa kuingilia tu, upande wa kutokea uko wazi. Vile vinajiendesha vyenyewe. Treni ikikanyaga sehemu fulani ya reli huko mbali taa ya njano inawaka, zinafuata nyekundu mbili zinazopepesa, vizuizi vinashuka, na kanuni ni kwamba tangu taa ya kwanza iwake mpaka treni ifike zisipungue sekunde 27. Sekunde 27 tu! Na hakuna mtu anayekiangalia kile kivuko kwa kamera, wala kile kivuko hakijui kama kuna gari juu yake. Treni inayoenda kilomita 200 kwa saa inahitaji zaidi ya kilomita moja na nusu kusimama, kwa hiyo dereva akikuona kwa macho yake ameshachelewa. Kinachoweza kuisimamisha ile treni ni mtu aliyepiga simu mapema. Vile vivuko vikubwa vyenye vizuizi pande zote ni tofauti, pale mtu wa signali anaangalia kwenye skrini au rada inapima kama pako wazi, na signali haiwi kijani mpaka pathibitike hakuna kitu.

Hii ishu ya simu ina historia mbaya na polisi wenyewe wamo ndani. Tarehe 6 Januari 1968, kijiji cha Hixon, Staffordshire, kulikuwa na trela kubwa la kubeba mizigo mizito limepakia transfoma ya tani 120, linatembea mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu, na mbele yake kuna gari la polisi linalisindikiza. Wakafika kwenye kivuko cha nusu kizuizi, aina ambayo ilikuwa bado mpya kwa Waingereza, cha kwanza kiliwekwa 1961. Pembeni palikuwa na tangazo kwamba mwenye gari kubwa au la taratibu apige simu kwanza kabla ya kuvuka. Hakuna aliyepiga, sio dereva wala askari waliomsindikiza, wakaanza kuvuka, treni ya abiria kutoka Manchester ikatokea, watu 11 wakafa. Uchunguzi wake uliongozwa na mwanasheria mkubwa na ulibadilisha mambo mengi kwenye vivuko vya nchi ile. Kwa hiyo ukiona Waingereza wana woga fulani na vivuko ujue hawakuzaliwa nao.

Sasa tuje kwenye masaa yako matatu.

Kitu ambacho watangazaji wa kwenye treni wanakosea kila siku ni kusema "polisi wamefunga njia". Polisi hawana swichi ya kufunga reli. Anayefunga ni yule yule msimamizi wa signali, na anafunga sekunde ile ile ajali ikitokea, polisi hata hawajavaa viatu. Dereva aliyegonga anabonyeza kitufe chekundu kwenye redio yake, ule mwito unaingia kwa mtu wa signali na kwa treni zote za eneo lile kwa pamoja, kila dereva anasimama alipo. Ndio maana ulisimama katikati ya stesheni mbili na sio stesheni. Na kama redio imekufa kwenye mgongano, dereva anashuka na waya wenye vibano viwili, anabana reli ya kushoto na ya kulia ya njia ya jirani, ule umeme mdogo wa signali unadanganyika kwamba kuna treni pale na taa za signali za njia ile zinakuwa nyekundu zenyewe. Anafanya hivyo huku anatetemeka, pengine ameona uso wa mtu sekunde mbili kabla. Hiyo ndio kazi yake ya kwanza kabla hata ya kwenda kuangalia gari.

Kwa hiyo reli imefungwa tayari. Polisi wanakuja kuichukua sehemu ile kuwa eneo la tukio na baadae kuirudisha, na saa ya kuirudisha inaandikwa. Katika masaa yako matatu, muda ambao eneo lilikuwa mikononi mwa polisi kweli kweli unaweza kuwa chini ya nusu.

Muda unaliwa wapi? Kwanza njiani. Reli za Uingereza, Wales na Scotland zina polisi wao, British Transport Police, ni jeshi tofauti kabisa na wale wa Kent au London, na pesa zao karibu zote zinatoka kwenye makampuni ya reli. Hawako kila mji, kikosi cha karibu kinaweza kuwa mbali, na foleni za kule unazijua. Kwa hiyo mara nyingi wanaofika mwanzo ni polisi wa kaunti, na kivukoni ndio mahali pa ajabu ambapo barabara ni yao na reli ni ya wenzao, wanashika eneo mpaka wenyewe wafike. Kuna sehemu wameweka magari ambayo askari na fundi wa Network Rail, wale wanaomiliki na kutunza reli, wanapanda pamoja ili wakate foleni kwa ving'ora, mimi naona hilo ni moja ya mambo ya akili kabisa waliyoyafanya, maana zamani askari alikuwa anafika mapema alafu anamsubiri fundi aliyekwama kwenye taa.

Pili ni umeme. Kwenu Kent treni nyingi zinakula umeme wa reli ya tatu, ile ya pembeni, volti 750, iko chini kabisa usawa wa mguu. Kwingine kuna nyaya za juu za volti 25,000, hizo huruhusiwi kukaribia chini ya mita 2.75 hata kama hujazigusa. Askari, daktari, zimamoto, wote wanasimama nje ya uzio mpaka chumba cha kuongoza umeme kithibitishe kwamba umezimwa, na neno "umezimwa" la mdomoni halitoshi. Anayeshikilia haya mawasiliano ni afisa mmoja wa Network Rail pale chini, amevaa kizibao kilichoandikwa cheo chake, kila mtu anapita kwake. Ukimuona bosi wa polisi mwenye nyota begani anamuuliza kijana wa kizibao "naweza kuingia?" usishangae, ndivyo inavyotakiwa.

Tatu ndio kazi ya polisi yenyewe, na hapa ndio penye jibu la swali lako. Wakifika na kukuta kuna aliyekufa wanatakiwa waamue jambo moja haraka: hiki kifo kinaelezeka, hakijaelezeka, au kina mashaka. Basi. Kila kitu kinategemea hapo. Kikionekana kinaelezeka na hakuna dalili ya jinai wanapiga picha, wanapima, mwili unaondolewa kwa heshima kwa niaba ya coroner, yule afisa anayechunguza vifo, na njia inarudishwa. Wana lengo lao la siku nyingi kwamba tukio la kifo lisilo na mashaka njia ifunguliwe kwa wastani ndani ya dakika 90, na mara nyingi wanafungua upande mmoja mapema treni zipite taratibu. Kinachowasaidia sana siku hizi ni kamera iliyoko mbele ya kichwa cha treni, wanaangalia zile sekunde za mwisho na wanajua kama gari lilikuwa limesimama, lilikuwa linakimbiza taa, au kulikuwa na mtu wa pili aliyekimbia.

Ila gari kivukoni ni gumu kuliko mtu aliyekuwa peke yake relini. Fikiria maswali yake. Dereva alikuwa amelewa, alikuwa kwenye simu, alikuwa anafukuzwa? Gari lilizima au liliachwa makusudi? Taa ziliwaka? Kizuizi kilishuka? Hilo la taa na kizuizi ndio linalowatoa jasho, maana kama mtambo ulikosea basi marehemu hana kosa na kuna kampuni itasimama mahakamani. Pale pembeni ya kivuko kuna kabati la chuma, ndani yake kuna chombo kinachorekodi sekunde kwa sekunde, taa imewaka saa ngapi, kizuizi kimeanza kushuka saa ngapi, kimefika chini saa ngapi. Hakuna ruhusa ya fundi yeyote kufungua lile kabati na kuanza "kurekebisha" kabla halijapimwa na watu wanaotakiwa, na wale watu wanatoka mbali. Treni nayo ina kisanduku chake cha kurekodi mwendo na breki. Dereva wa treni anaweza kupimwa pombe na dawa hata kama hana kosa lolote. Na kama ajali ni ya uzito fulani wachunguzi wa RAIB, taasisi ya serikali ya kuchunguza ajali za reli, wanaweza kusema msiguse kitu tunakuja, hawa wana ofisi Derby, walianza kazi 2005 baada ya ajali ya Ladbroke Grove ya 1999 iliyoua watu 31, na kazi yao ni kujua sababu, hawatafuti wa kumfunga.

Unaweza kusema mbona ni mlolongo mrefu, si inajulikana tu mwenye gari ndio mzembe. Ngoja nikupe Elsenham, Essex, tarehe 3 Desemba 2005. Wasichana wawili wa miaka 13 na 14 walikuwa wanawahi treni, geti la waenda kwa miguu halikuwa na kufuli, treni moja ikapita, wakadhani imeisha, wakaingia, kumbe taa bado nyekundu kwa ajili ya ya pili iliyokuwa inakuja upande mwingine. Siku ile kila mtu alisema watoto wamekatiza taa nyekundu, na ni kweli walikatiza. Lakini miaka ikapita zikatokea nyaraka za ndani za kabla ya ajali, zinaonyesha hatari ya pale ilishaandikwa. Network Rail wakakiri makosa mahakamani na 2012 wakapigwa faini ya pauni milioni moja. Mimi nikisikia mtu anasema "ni uzembe wa marehemu tu" saa moja baada ya ajali huwa namkumbusha hiyo kesi.

Nne, na hii ndio watu hawaijui kabisa, baada ya polisi kusema tumemaliza treni hazianzi kutembea. Reli inakaguliwa, mataruma, vibano, kizuizi kilichovunjika. Kama kivuko hakifanyi kazi lazima awepo mtu wa kukishika kwa mkono na treni ya kwanza ipite mwendo wa kutambaa. Dereva aliyegonga haendelei na safari, analetwa mwingine, na huyo mwingine anakuja kwa teksi kutoka depo. Treni kumi nyuma yenu kila moja iko mahali pasipo pake, madereva wamefika mwisho wa masaa yao ya kazi. Ile dakika 90 ya polisi inageuka masaa matatu ya abiria kwa njia hiyo na mara nyingi askari wameshaondoka zamani.

Kuna kitu kingine kinarefusha na hicho kinatoka kwetu abiria. Machi 2, 2018, pale Lewisham kusini ya London kulikuwa na theluji, treni zikakwama masaa, watu wakachoka wakafungua milango wenyewe wakaruka chini kwenye reli zenye umeme. Ikabidi umeme uzimwe eneo lote, treni ambazo zilikuwa zinaweza kusogea nazo zikafa, baridi ikaongezeka. Najua joto, najua choo, najua bosi anapiga simu, lakini mmoja akiruka chini hata zile treni zilizokuwa zinakaribia kuruhusiwa zinarudi kwenye mstari wa kusubiri. Kaa ndani. Kama kuna mgonjwa au mjamzito mwambie kondakta mapema, wanapanga nani atolewe kwanza.

Kuhusu nyumbani sasa. Kwanza tusijidharau, Tanzania nasi tuna polisi wa kikosi cha reli, na TAZARA wana wao. Pia tofauti ina sababu zake, reli yetu ya zamani haina umeme, kwa hiyo hakuna wa kusubiri azime kitu, na njia ni moja yenye treni chache, gari likisukumwa pembeni kweli safari inaendelea. Ila ile haraka ina bei yake. Gari likishasukumwa, alama za breki zimekanyagwa, watu mia wameshapita juu ya vioo, kesho yake utamuulizaje mtu kama bango la kusimama lilikuwa linaonekana au lilikuwa limefunikwa na kibanda cha chips? Novemba 2023 pale Manyoni, Singida, basi na treni vilikutana kwenye makutano ya reli na barabara, watu 13 wakafariki. Katika ajali kama ile swali la dereva aliona nini na kuanzia mita ngapi linajibika kwa vipimo vya siku ile ile tu. Masaa mawili ya kufunga njia sio mengi.

Uzuri wa SGR ya kwetu, hii ya umeme iliyoanza kubeba abiria Dar mpaka Morogoro Juni 2024, ni kwamba waliijenga na madaraja na njia za chini, barabara haikutani na reli uso kwa uso, na kuna uzio. Waingereza wamebaki na vivuko kama 6,000 walivyorithi toka enzi za farasi, na kukifuta kimoja tu ni shughuli. Ufton Nervet, Berkshire, tarehe 6 Novemba 2004 mtu alisimamisha gari lake kivukoni kwa makusudi, askari mmoja aliyekuwa hayupo kazini akaliona akakimbilia ile simu ya kivuko, treni ikawa imeshafika. Ikaacha njia, wakafa saba, pamoja na dereva wa treni na yule mwenye gari. Unajua daraja lilifunguliwa lini pale? Desemba 2016. Miaka 12, na katikati watu wengine walikufa pale pale. Hapo kwenye miaka 12 ndio mimi ningewalaumu, kuliko kwenye masaa yako matatu.

Mwisho hela yako, maana hukuuliza lakini najua hujadai. Kampuni nyingi za treni kule zina Delay Repay, ukichelewa kuanzia dakika 15 unadai, na haijalishi kwamba sababu ni polisi au gari la mtu, kuchelewa ni kuchelewa. Tunza tiketi au picha yake, ingia kwenye tovuti ya kampuni uliyosafiri nayo, jaza fomu ndani ya siku 28. Kwa masaa matatu unatakiwa urudishiwe nauli yote ya safari ile, na kama una tiketi ya msimu wana hesabu yao ya kuigawa. Hawalipi shifti, hiyo ongea na meneja wako au wakala, mpe tarehe na jina la njia, kampuni ya treni ina rekodi ya tukio kwa hiyo hakuna atakayesema umetunga. Na kesho ukipita kwenye kile kivuko chako punguza mwendo uangalie simu iko upande gani.